Chui Mmoja Katikati ya Ubao

Mtaje Tingatinga mbele ya Mtanzania yeyote, ataelewa mara moja unasema nini. Atakumbuka twiga waliosongamana, ndege wenye mikia ya kila rangi, tembo aliyesimama mbele ya Mlima Kilimanjaro, na vibanda ambako picha hizo huning'inizwa kuanzia juu hadi chini zikimngoja mgeni. Sasa muulize kama amewahi kuona hata picha moja aliyoichora Edward Saidi Tingatinga kwa mkono wake mwenyewe. Hapo wengi husita. Nimekutana na watu wazima, wenye elimu nzuri, waliodhani Tingatinga ni jina la mtindo tu. Hawakujua kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo, aliyezaliwa, akahangaika na vibarua, akaoa, akachora kwa miaka minne hivi, kisha akauawa.

Jambo hili linaniuma. Jina la mtu limekua likammeza mwenyewe. Na hata wale wanaojua kwamba alikuwepo, mara nyingi humsimulia kama bahati nasibu: mtunza bustani asiyepita shule yoyote ya sanaa, akaokota brashi, Wazungu wakampenda. Simulizi hiyo inapendwa kwa sababu ni fupi. Mimi kadiri ninavyozitazama picha zake ndivyo ninavyoona mtu aliyekuwa akiamua. Aliamua nini kiwekwe, na zaidi ya hapo aliamua nini kisiwekwe. Nataka kuandika habari za maamuzi hayo.

Tuanze na vifaa, maana kwa mchoraji aliyejifundisha mwenyewe vifaa ndivyo mwalimu wa kwanza.

Alichora kwa rangi ya baiskeli. Ni ile rangi ya kung'aa inayouzwa kwenye makopo madogo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, watu wakaipaka kwenye baiskeli, milango na nondo za madirisha. Alichora juu ya hadibodi, ubao ule mwembamba wa kahawia unaopigwa darini. Upande mmoja wa hadibodi ni laini, upande wa pili una mikwaruzo ya wavu. Rangi ya kung'aa ikipakwa upande ule laini inatulia, inatandaa yenyewe, na ikikauka inabaki na mng'ao wake. Vipande vyake vingi vilikuwa vya mraba, kama futi 2 kwa futi 2, yaani sentimita 60 hivi kila upande. Hesabu yake ni nyepesi kwa yeyote aliyewahi kununua hadibodi: ubao mzima wa futi 8 kwa 4 unatoa vipande 8 vya namna hiyo bila kubakiza hata kipande cha kutupa. Nadhani mtu asiye na fedha za kuchezea aliiona hesabu hiyo mapema.

Rangi yenyewe haina subira. Ukipaka juu ya nyingine kabla haijakauka, zote mbili zinavurugana unapata tope. Wachoraji waliosomea hutumia rangi za mafuta zinazokawia kukauka, wakazisugua taratibu mpaka mwanga ugeuke kivuli bila mtu kuona mpaka uko wapi. Rangi ya baiskeli inakunyima nafasi hiyo, na kazi inalazimika kwenda kwa zamu. Unapaka rangi ya nyuma, unaacha ikauke. Unapaka mwili wa mnyama, unaacha ukauke. Ndipo unarudi na madoa, mistari, macho na sharubu. Kwa hiyo ukiona kwenye picha za Tingatinga kwamba kila rangi imekaa mahali pake na mipaka yake ni mikali, ujue kwamba ndivyo rangi ile inavyotaka kutumiwa, na yeye aliikubali masharti yake akayageuza kuwa nguvu.

Angalia nukta, kwa mfano. Watu husema nukta ni pambo, lakini fikiria mtu anayetaka ngozi ya mnyama ionekane ina uhai, ina mgongo na tumbo, na hawezi kutumia kivuli. Atafanya nini? Atatumia nukta. Zikisongamana, ngozi inakolea. Zikitawanyika, ngozi inafunguka. Zikifuata mkunjo wa bega, bega linainuka. Nukta zilimfanyia kazi ambayo kwa wengine hufanywa na kivuli.

Sasa maisha yake, ambayo nitayapitia haraka kidogo kwa kuwa yaliyo ya hakika ni machache.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji kilichoitwa Namochelia, ambacho siku hizi ni Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, upande wa mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Majina yake mawili ya kwanza yanabeba dini mbili za nyumbani kwao, baba Mwislamu na mama Mkristo, jambo ambalo kwa watu wengi wa kwetu si la ajabu hata kidogo. Katika miaka ya 1950 alifanya kama vijana wengi wa kusini: akafunga safari kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Waliokwenda huko waliitwa manamba, na kazi yao ilikuwa kukata majani yenye miiba nchani, kuyafunga mafungu na kuhesabiwa. Kutoka Tanga akaja Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo, kwa ndugu aliyekuwa ametangulia. Akapata kazi ya bustani kwa ofisa mmoja wa Kiingereza. Baada ya Uhuru wa 1961 kazi hiyo ikaisha, akabaki na vibarua vya hapa na pale, kama ilivyo kwa yeyote aliyekuja mjini bila cheti.

Mwaka 1968 akaanza kuchora. Alikuwa na miaka 36. Mimi hupenda kuutaja umri huo kwa sababu simulizi za vipaji hutuzoesha watoto wa miaka saba wanaochora kwa mkaa ukutani. Huyu alikuwa mtu mzima aliyekwisha kukata mkonge na kupogoa maua ya watu. Alipoishika brashi alikuwa anajua kazi ni nini, na alijua anatafuta nini: riziki.

Soko alilolikuta lilikuwa na sura yake. Vinyago vya Kimakonde vilikuwa vinanunuliwa na wageni, na mitaani Dar es Salaam palikuwa na picha za wachoraji kutoka Kongo zilizopata wateja. Kuna waliotafuta chimbuko la mtindo wake katika michoro ambayo watu wa kusini walikuwa wakiipaka kwenye kuta za nyumba zao za udongo. Kuna wanaosema hapana, alizitazama picha za Wakongo akasema hata mimi naweza. Sioni kwa nini tulazimishwe kuchagua. Mtu anaweza kuwa na ukuta wa kijijini kichwani na picha ya Mkongo mbele ya macho, kwa siku moja, na vyote viwili vikaingia mkononi.

Duka la Morogoro Stores, Oysterbay, lilikuwa mahali ambako maofisa na wageni walikuja kununua mboga na matunda. Hapo nje, chini ya mti, ndipo picha zake zilipopangwa. Mteja anatoka na kikapu cha nyanya, anakutana na simba. Zilinunuliwa. Baadaye kampuni ya umma iliyoshughulika na biashara ya sanaa ikaanza kuchukua kazi zake, na yeye mwenyewe akapata ajira ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya miaka yake ya uchoraji, tunazungumza juu ya mtu aliyekuwa na zamu hospitalini na makopo ya rangi nyumbani.

Nina picha moja ya chui wake ninayoirudia mara kwa mara. Rangi ya nyuma ni moja tu, imepakwa tambarare kutoka kona hadi kona. Hakuna mlima, hakuna jua linalozama, hakuna mbuyu. Chini kuna ukanda mwembamba wa ardhi na majani machache, basi. Chui mwenyewe ameonyeshwa kwa ubavu, lakini kichwa kimegeuka kikatutazama sisi usoni. Mkia umekunjwa kurudi juu ya mgongo, na ukitazama vizuri utaona kwa nini. Chui ni mnyama mrefu na ubao ni mraba. Mchoraji mwingine angemfanya mdogo ili aenee, au angemkata mkia. Yeye aliupandisha mkia juu, ukaijaza ile nafasi tupu ya kushoto, na mwili wote ukaufuata mraba kana kwamba mnyama alizaliwa ili akae humo.

Kisha madoa. Hayafanani. Ya ubavuni ni makubwa, kila moja duara lililovunjika lenye nukta katikati. Yakishuka miguuni yanapungua, yanakuwa nukta tupu. Yakipanda shingoni yanabanana. Hakuna doa lililopigwa kwa haraka ili kumaliza. Sharubu zimevutwa kila moja kwa mkupuo mmoja wa brashi, nyembamba, na huwezi kuvuta mstari kama huo kwa rangi nzito namna ile kama mkono wako unasitasita, kwa maana ukisimama katikati rangi inavimba hapo uliposimama. Nilipoligundua hilo niliacha kabisa kusikiliza maneno ya watu kwamba alichora kama mtoto. Mtoto hana mkono huo.

Na macho. Macho ya wanyama wake ni makubwa, ya mviringo, wazi. Wako wanaoyaona ya kuchekesha. Mimi naona mnyama aliyeshtukiwa, anayepima umbali kati yake na wewe. Mtoto wa Tunduru hahitaji kupelekwa bustani ya wanyama kujua chui anatazama vipi. Wilaya ile ni nchi ya tembo na simba, na watu wa huko wanaishi na wanyama hao kama hatari, kama hasara ya shamba, kama hadithi ya usiku. Mnunuzi wa Oysterbay huenda alinunua mapambo ya sebule. Aliyechora alijua kinachozungumzwa.

Hapa namkumbuka Henri Rousseau, Mfaransa aliyezaliwa Laval mwaka 1844, karani wa ushuru wa bidhaa zilizoingia mjini Paris, aliyejifundisha kuchora na kuacha kazi yake mwaka 1893 ili achore tu. Tangu 1886 alikuwa akionyesha picha zake katika maonyesho yaliyopokea mchoraji yeyote bila kuchujwa, na watu walikuwa wakienda kuzicheka. Anajulikana zaidi kwa misitu yake mizito yenye simba na nyani, lakini hakuwahi kutoka nje ya Ufaransa. Misitu yake aliitoa kwenye mabanda ya mimea ya bustani ya Jardin des Plantes, hapo hapo Paris, na kwenye picha za vitabuni. Kila jani kwenye msitu wa Rousseau limechorwa, na nafasi yote imejaa. Tingatinga, aliyetoka kwenye pori halisi, alilifuta pori lote akamwacha mnyama peke yake. Ninaupenda sana mwelekeo huu wa kinyume. Aliyeota pori alilijaza, na aliyelijua hakuona haja ya kulieleza.

Kuna mwingine ambaye kwangu yuko karibu naye zaidi, ingawa hawakuwahi kuishi wakati mmoja: Niko Pirosmani wa Georgia, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufa 1918. Huyu naye alijifundisha. Alizunguka vilabu vya mvinyo vya Tbilisi akichora kwa malipo ya chakula, kinywaji na mahali pa kulala. Alipenda kuchora juu ya kitambaa cheusi kilichopakwa mafuta, na mahali alipohitaji weusi hakupaka kitu, aliuacha ule wa kitambaa ubaki wazi. Paa wake, dubu wake na twiga wake wanasimama peke yao mbele ya weusi au rangi moja, na wote wanatutazama. Ukimweka twiga wa Pirosmani karibu na chui wa Tingatinga utashangaa. Watu wawili, mmoja Kaukasia na mmoja pwani ya Afrika Mashariki, kila mmoja na kitambaa au ubao ambao haukukusudiwa kwa uchoraji, wamefikia uamuzi uleule: mnyama mmoja, kimya nyuma yake, na uso uliogeuzwa.

Naleta majirani hawa kwa sababu Tingatinga mara nyingi hutazamwa kama suala la Afrika peke yake, au mbaya zaidi, kama suala la utalii. Wanaomdharau husema alichora kwa ajili ya wageni, kwa hiyo kazi yake haina uzito. Hoja hiyo inanikera. Pirosmani alichora kwa ajili ya wenye vilabu waliotaka ukuta upendeze ili walevi wakae zaidi. Wachoraji wakubwa wa makanisa ya Italia walichora kwa mkataba wa mteja aliyesema ni watakatifu wangapi anawataka na wavae rangi gani. Kuchora ili ule hakujawahi kuwa aibu. Swali linalonihusu mimi ni mteja anapoondoka na ubao wake, kuna nini juu ya ubao huo. Na juu ya mbao zile za 1968 hadi 1972 kuna kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Hakuna aliyemwambia aache nafasi. Mteja wa kawaida akitoa fedha hutaka vitu vingi zaidi.

Mwaka 1972, Dar es Salaam, polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Alikuwa na miaka 40. Aliacha mke na watoto wadogo. Sioni namna ya kuizunguka habari hii kwa maneno mazuri, wala sitaki. Kila ninapofungua kurasa za kazi zake na kuona tarehe zilivyobanana, nafikiria angekuwa wapi mwaka 1980. Rousseau alipewa miaka zaidi ya ishirini ya kukua, tunaweza kuona mkono wake ukibadilika kutoka picha hadi picha. Huyu wetu hatuna. Tuna mwanzo tu, mwanzo uliokomaa kwa haraka ya kutisha.

Kilichotokea baadaye kinafahamika zaidi. Kabla hajafa alikuwa ameanza kuwafundisha ndugu na jamaa waliotoka kusini kama yeye: Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, Abdallah Ajaba. Hapakuwa na darasa. Mwanafunzi alikaa karibu na aliyekuwa anachora, akashika brashi, akasahihishwa. Baada ya msiba watu hawa wangeweza kutawanyika, kila mtu akarudi kwenye kibarua chake. Hawakufanya hivyo. Waliendelea kuchora palepale Oysterbay, wakaleta wengine, na mwaka 1990 ukasajiliwa ushirika wao ambao mpaka leo una karakana na maduka yake jirani na pale picha za kwanza zilipouzwa. Mpata alihamia Nairobi akajulikana sana, hasa kwa Wajapani, mpaka leo kuna hoteli ya kitalii Maasai Mara yenye jina lake. Na George Lilanga, mchonga vinyago Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, alichukua rangi ileile ya kung'aa akaingiza mashetani yake yenye masikio makubwa, akafika mbali kwa njia yake mwenyewe.

Ukienda karakana ya ushirika siku ya kazi, utaona mpangilio ule wa zamu bado upo. Nilikaa asubuhi moja nikimtazama fundi mmoja wa makamo akifanya kazi ya pundamilia. Amekaa chini, ubao mapajani, makopo yamefunguliwa mbele yake na vifuniko vimegeuzwa kuwa visahani vya kuchanganyia. Rangi ya nyuma ilikuwa imekauka tangu jana. Alichovya brashi, akaifuta upande mmoja kwenye ukingo wa kopo ili rangi isizidi, kisha akauvuta mstari mmoja mweusi kutoka mgongoni hadi tumboni bila kupumua. Nilimwona kweli alivyoizuia pumzi. Akamaliza, akapumua, akachovya tena. Kijana aliyekaa kando yake alikuwa bado kwenye hatua ya kupaka rangi za nyuma tu, ubao baada ya ubao, na fundi alikuwa akimtupia jicho bila kusema neno. Nilipouliza lini ataruhusiwa kuchora mnyama, fundi alijibu, "Akiacha kuharakisha."

Lakini picha yenyewe imebadilika sana, na nisingekuwa mkweli kama nisingesema ninavyoliona badiliko hilo. Rangi ya nyuma haiko tambarare tena. Huchanganywa ikitoka buluu kali juu mpaka nyeupe chini, kufanya anga. Wanyama wamekuwa wengi, ndege wamejaa matawini, na mlima umekuwa kama sharti. Hadibodi imeachiwa nafasi kitambaa, kwa sababu kitambaa kinakunjwa kikaingia kwenye begi la msafiri. Kila badiliko lina sababu yake ya kweli, na wachoraji wengine wa leo wana mikono mizuri ajabu. Kuna picha za soko la samaki, za hospitali, za daladala zilizojaa, zenye watu mia na kila mmoja ana shughuli yake, ambazo Tingatinga mwenyewe hakuzifikia, na ambazo ningezitetea popote.

Ninachokililia ni ile nafasi. Mnyama mmoja na rangi moja nyuma yake. Imepotea karibu yote, na imepotea kwa sababu ya soko, maana picha yenye twiga watano inaonekana na thamani kuliko yenye mmoja. Mchoraji anayelisha familia atafanyaje? Simlaumu hata chembe. Lakini tukubali kwamba kinachoitwa Tingatinga leo na alichokifanya Tingatinga ni vitu vilivyoachana, na kwamba anayetaka kumjua wa kwanza hatampata kwa kuwatazama waliofuata.

Tatizo ni kwamba mahali pa kumtazama ni pachache mno. Picha zake nyingi ziliondoka na walionunua, wageni waliomaliza mikataba yao wakarudi makwao, na sasa ziko mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo. Bei ilipopanda zikaja na za bandia, zenye jina lake pembeni kwa herufi kubwa, na mtu asiyezoea mkono wake hawezi kujua. Mkono huo unafundishika, kama tungekuwa na mahali pa kuufundishia. Kijana wa sekondari wa Dar es Salaam anaweza kumaliza kidato cha sita akiwa amesikia habari za Leonardo da Vinci na hajawahi kusimama mbele ya ubao mmoja halisi wa mtu aliyechora kilomita chache kutoka shuleni kwake.

Ningekuwa na uwezo ningeomba chumba kimoja, si jengo zima. Ukuta wa kwanza ungekuwa wake peke yake, mbao kumi au hata sita, zimetundikwa kwa nafasi kubwa kati yake, na chini ya kila moja mwaka, ukubwa, na maneno "rangi ya baiskeli juu ya hadibodi", bila kuona haya. Ukuta wa pili ungekuwa wa Mpata, Linda, Tedo, Mandu na Ajaba, wapangwe kwa miaka, ili mtu aone kwa macho yake ni lini ndege wa pili aliingia, ni lini anga lilianza kuchanganywa, ni nani alileta watu na nani alileta mlima. Ukuta wa tatu ningewaachia wachoraji wa ushirika wa leo, wachague wenyewe. Na pembeni ningeweka meza yenye makopo ya rangi, vipande vya hadibodi na yule fundi wa pundamilia, alipwe mshahara wa mwalimu, awafundishe wanafunzi wa shule kuvuta sharubu moja ya chui kwa mkupuo mmoja.